Fimbo ya mtu mwingine, mgongo wako

Seti nyingi za gofu zinazobebwa katika viwanja vyetu zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwanachama alimaliza mkataba wake wa kazi, akaondoka nchini na kumwachia kedi wake mfuko mzima. Mjomba aliyeko Uingereza alituma fimbo zake za zamani. Mzazi alinunua za mtumba kwa sababu seti mpya ingemla mishahara ya miezi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Severiano Ballesteros, Mhispania aliyetwaa Kenya Open mwaka 1978, alianza utotoni kupiga mpira kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña akiwa na fimbo moja tu, chuma namba 3, tena ya kupewa.

Ubaya unakuja pale fimbo inapoanza kumfinyanga mchezaji. Kila aliyewahi kulima anajua jembe lenye mpini mfupi linavyomkunja mtu mpaka mgongo unazoea kukunjika, na baadaye hata akipewa jembe zuri anainama vilevile. Fimbo ya gofu isiyolingana na mwili wako inafanya kazi hiyohiyo, na inaifanya kabla hujaupiga mpira. Halafu mpira ukienda kombo, watu wanakusanyika kukushauri juu ya mikono, mabega na kichwa. Mara chache sana utamsikia mtu akisema: hebu kwanza tuone fimbo imekaaje chini, na wewe umepinda wapi.

Nadhani hapo ndipo pa kuanzia, na nina sababu. Tangu fimbo inapoondoka nyuma ya mpira hadi inaporudi kuugusa hupita kama sekunde moja tu. Mpira wenyewe hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kusahihisha kosa ndani ya muda huo. Kipindi pekee ambacho mchezaji anakitawala kikamilifu ni kile cha kusimama, kabla chochote hakijasogea. Mchezaji nguli Ben Hogan alilijua hilo. Kitabu chake cha mwaka 1957 kina masomo matano, na mawili ya kwanza hayana mkwaju wowote: la kwanza linahusu kushika fimbo, la pili linahusu miguu na mkao. Jack Nicklaus, bingwa wa mashindano makubwa 18, alikuwa na desturi ya kumrudia mwalimu wake, Jack Grout, msimu ulipoanza na kufundishwa upya mambo ya awali kabisa, kana kwamba hajawahi kucheza. Kama Nicklaus aliona haja hiyo, sisi wa Jumamosi na Jumapili tuna haja mara kumi.

Tuanze na fimbo. Kila fimbo ina pembe mbili. Ya kwanza inajulikana na wengi: namna uso ulivyolala kuelekea nyuma, ndiyo maana namba 9 inaunyanyua mpira kuliko namba 5. Ya pili husahaulika. Ni pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi wakati soli ya fimbo imekaa sawasawa chini. Kwa draiva huwa karibu na digrii 58, kwa chuma namba 7 kama 62 au 63, kwa weji kama 64. Kadiri fimbo inavyofupika ndivyo mpini unavyosimama zaidi, kwa kuwa mchezaji husogea karibu na mpira. Hata sheria za vifaa zinaigusa pembe hii: fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini lazima mpini wake uiname angalau digrii 10 kutoka wima.

Watengenezaji huipanga pembe hiyo kwa mtu wa kimo cha wastani mwenye mikono ya urefu wa wastani. Ukiwa mfupi kuliko huyo mtu, mikono yako hukaa chini, mpini unalala, na ncha ya kichwa cha fimbo inanyanyuka hewani huku kisigino chake kikigusa ardhi. Ukiwa mrefu, mambo yanageuka: ncha inazama, kisigino kinanyanyuka. Na mwili hauvumilii kuona soli imekaa upande. Bila kujua, mfupi atanyanyua viganja na kukakamaza mikono, na mrefu atajikunja mgongo mpaka soli itulie.

Nililiona hili kwa karibu asubuhi moja ya Jumamosi, kwenye uwanja wa mazoezi jijini Dar es Salaam. Kijana mmoja kedi, mrefu kama mnazi na mwepesi wa mwili, alimfuata mwalimu mtu mzima aliyekuwa amekaa kivulini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mpira unakwenda wapi?"

"Kulia, mwalimu. Kila nikirekebisha mikono unazidi."

"Acha mikono. Simama kama unavyosimama siku zote."

Kijana akasimama. Soli ya namba 7 yake ilikaa chini vizuri kabisa, na mtu asiye mzoefu angesema hana kosa. Lakini mabega yake yalikuwa yamejikunja mbele, kidevu kimezama kifuani, na mgongo wa juu umefanya nundu. Mwalimu akamnyang'anya fimbo, akaiweka wima mgongoni mwake, ikigusa kisogo, katikati ya mabega, na mwishoni mwa uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio. "Hizi sehemu tatu zisiachane na fimbo. Sasa sukuma makalio nyuma." Kijana akainama tena, safari hii akipindia kwenye nyonga. Mgongo ukanyooka, magoti yakalegea kidogo, mikono ikaning'inia yenyewe chini ya mabega. Mwalimu akamrudishia fimbo mkononi bila kumruhusu abadilishe chochote.

Kisigino cha fimbo kikawa hewani. Mwalimu akatoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni na kuipitisha chini yake bila kugusa chuma. "Umeona? Hujazaliwa na nundu, mdogo wangu. Fimbo ndiyo imekupa."

Kisha akamwonyesha vipande vya nyasi vilivyong'olewa na mikwaju ya asubuhi ile: kila alama ilikuwa na shimo zaidi upande wa ncha, na upande wa kisigino nyasi zimekwanguliwa tu. Ncha ilikuwa ikichimba, inakwama kidogo, uso unafunguka, mpira unakwenda kulia. Kijana alikuwa amepoteza muda mwingi akipigana na mikono yake, na mikono haikuwa na hatia.

Kwa hiyo siku ya kukagua, anza na mwili, kisha fimbo iuzoee mwili. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaweka kichwa cha fimbo nyuma ya mpira kikae kinavyopendeza, halafu tunaupanga mwili uifuate fimbo. Uwanjani, wakati wa kucheza kwenyewe, ni sahihi kuanza kwa kuuelekeza uso wa fimbo kwenye shabaha ndipo miguu ifuate. Lakini huo ni wakati wa kucheza. Siku ya kukagua tunataka kujua nani anamtii nani.

Huo mkao wenyewe unastahili kuelezwa kwa utulivu. Mtu akiambiwa "inama" hukunja kiuno au mgongo wa juu. Kinachotakiwa kupinda ni nyonga, pale paja linapokutana na kiwiliwili. Simama ukiipa ukuta mgongo, visigino vikiwa mbali nao kwa kadiri ya kiganja, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yauguse bila kukunja mgongo: ndiyo hiyo nyonga. Magoti yalegee tu, yasikunjwe kama ya mtu anayetaka kuketi. Uzito uwe katikati ya unyayo, ukielekea kwenye vifundo vya vidole, usiwe kwenye visigino wala vidoleni. Mtu akikusukuma kidogo kifuani au mgongoni usiyumbe. Mtazamaji akikaa kando yako, mstari ulionyooka utokao nyuma ya bega ushuke karibu na goti na kuishia kwenye vifundo vya vidole vya miguu.

Mikono ining'inie. Kati ya mwisho wa mshikio na mapaja pawepo nafasi ya kiganja kimoja kwa fimbo za chuma, na zaidi kidogo kwa draiva. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bega la kulia huwa chini kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia umeshika chini ya mwenzake. Kulazimisha mabega yawe sawa ni kosa ninaloliona sana kwa watu waliojifunza mbele ya kioo.

Kuna kosa la pili ambalo ni kinyume cha nundu ya yule kijana. Mtu ameambiwa "nyoosha mgongo," naye akatoa kifua na kubinua makalio mpaka kiuno kikafanya bonde. Kwa macho anaonekana mwanariadha hasa. Lakini misuli ya chini ya mgongo imeshakaza kabla kazi haijaanza, tumbo limelegea, na mzunguko wa nyonga umebanwa. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi kwa wachezaji gofu, na mkao huu unauchokoza kila mkwaju. Dawa yake ni ndogo: kaza tumbo kidogo, rudisha mkia wa uti wa mgongo chini kiasi, mpaka lile bonde lipungue. Mgongo uwe kama ulivyo unapotembea, ila umeinamishwa.

Nirudi kwenye pembe, maana kuna hesabu ambayo ikieleweka mtu hatadharau tena jinsi soli inavyokaa. Ncha ikiwa juu, uso wa fimbo hautazami tena mbele. Unatazama kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Kiasi gani kinategemea uso umelala kiasi gani. Chukua weji yenye uso uliolala digrii 46 na soli iliyokosea kwa digrii 4: uso unatazama kushoto kwa digrii 4 hivi, na kwa umbali wa mita 100 hizo ni mita 7. Chukua draiva yenye digrii 10, kosa la soli lilelile la digrii 4: uso umekosea kwa digrii 0.7 tu, na hata kwa mita 200 haifiki mita 3. Ndiyo maana unamkuta mtu draiva yake imenyooka, na fimbo fupi, ambazo zingepaswa kuwa rahisi, zinamtupia mpira mchangani kushoto kwa grini. Anaamini ana tatizo la roho au woga wa karibu na bendera. Mara nyingi ana tatizo la jiometri.

Hesabu hiyohiyo inaeleza mteremko. Mpira ukiwa juu ya miguu yako, kama inavyotokea mno kwenye viwanja vya vilima kule Limuru au Nandi, ni kana kwamba fimbo imesimamishwa zaidi, na mpira huvuta kushoto. Weji huvuta zaidi kuliko namba 5. Lenga kulia ipasavyo na uendelee.

Jaribio la sarafu ni la kusimama, na kusimama hakusemi kila kitu. Fimbo inaposhuka kwa kasi, mpini hujipinda kidogo kuelekea chini na mikono hupanda juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kwa sababu hiyo, ukiwa umesimama na fimbo ya chuma, ncha inatakiwa iwe juu kidogo tu: sarafu moja au mbili zipite chini yake, kisigino kikigusa. Soli iliyolala bapa kabisa wakati wa kusimama mara nyingi itachimba kwa ncha wakati wa kupiga.

Anayetaka jibu la kweli apige mpira. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya wino unaofutika, uweke wima, uutazame uso wa fimbo, kisha upige. Mstari utajichapa usoni. Mstari huo ukisimama wima dhidi ya mifereji ya uso, pembe ni yako. Sehemu yake ya juu ikilalia upande wa ncha, fimbo imesimama mno kwako. Ikilalia upande wa kisigino, imelala mno. Rudia mara kadhaa, maana mkwaju mmoja unaweza kudanganya. Jaribio hili halina gharama, na ninashangaa kwa nini halifanywi kwenye kila uwanja wa mazoezi.

Jibu likipatikana, fimbo nyingi za chuma hupindika. Fundi hukibana kichwa kwenye mashine yenye kipimo na kuuvuta mpini sehemu ya shingo. Chuma kilichofuliwa hukubali kwa urahisi. Kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu zaidi na kuvuka digrii 2 ni kukihatarisha. Usijaribu nyumbani kwa bomba na jiwe. Njia nyingine ni urefu: kuongeza nusu inchi kwenye mpini huifanya fimbo iwe kana kwamba imesimama digrii 1 zaidi, na kuipunguza hufanya kinyume. Anayenunua mtumba ana bahati moja. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha Ping nchini Marekani, alianza mwaka 1972 kutia nukta za rangi kwenye fimbo zake za chuma kuonyesha pembe. Nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelazwa kidogo, buluu na kijani zimesimamishwa. Ukiiona seti kama hiyo sokoni, angalia nukta kabla ya kuulizia bei.

Watakaonipinga watasema mabingwa hawasimami sawa, na ni kweli. Moe Norman wa Kanada alisimama mbali na mpira, mikono imenyooka ikafanya mstari mmoja na mpini, kinyume na kila kilichofundishwa enzi zake, na waliomwona wanasema ni vigumu kumpata mwingine aliyepiga moja kwa moja kama yeye. Bryson DeChambeau alishinda US Open ya 2020 na ya 2024 akitumia fimbo za chuma zenye urefu mmoja zote, mikono ikiwa juu. Lakini tazama alichokifanya DeChambeau: alichagua mkao kwanza, kisha akatengenezewa fimbo zinazoufuata. Hakuruhusu seti ya dukani imwamulie asimame vipi. Mikao inatofautiana, kinachofanana kwa wote ni kwamba fimbo na mwili vimekubaliana.

Na makubaliano hayo hayana budi kuwa ya mchezaji mwenyewe. Tangu sheria mpya za mwaka 2019, kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari wa shabaha pale mchezaji anapoanza kuweka miguu. Wala mchezaji haruhusiwi kulaza fimbo chini imsaidie kupanga miguu au mwili. Adhabu ni mikwaju miwili. Wakati wa mazoezi laza fimbo mbili chini upendavyo, moja ya shabaha na nyingine ya miguu. Simu nayo inasaidia, mradi ikae kwenye kimo cha mikono, ikielekea sambamba na mstari wa vidole vya miguu. Ikiwekwa chini ardhini au pembeni kidogo, itakuonyesha kosa ambalo huna.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni watoto. Vilabu vingi sasa vina mafunzo ya watoto wakati wa likizo, jambo zuri sana, na fimbo wanazopewa ni za watu wazima zilizokatwa kwa msumeno. Kukata kunasaidia mikono ifikie, lakini kichwa kinabaki kizito na mpini unakuwa mgumu kuliko mwanzo, hivyo mtoto wa miaka tisa anaegemea nyuma ili tu aweze kuinyanyua. Mkao huo wa kuegemea nyuma ndio utakaompa kazi mwalimu wake miaka kumi baadaye. Kama hakuna fedha za seti za watoto, bora fimbo tatu nyepesi zinazowafaa na wapokezane, kuliko mfuko mzima kwa kila mmoja.

Na wapimwe. Futi ya fundi cherehani inatosha: mtoto asimame wima, mikono ining'inie, upime kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, uandike pembeni ya jina lake pamoja na kimo. Watoto wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana mikono kwa zaidi ya inchi, na hapo fimbo moja haiwafai wote wawili. Kipimo kirudiwe kila likizo, kwa sababu wanarefuka haraka, na fimbo aliyoipita mkubwa apewe mdogo anayeifikia.